Mama, mimi na pacha wangu: hofu hii ni ya damu au ni ya maisha?

Doto wa Igoma

Habari za jioni ndugu zangu. Swali hili nimelala nalo miezi mingi, leo nimeona niliweke hapa. Mtaniwia radhi kwa urefu.

Nina miaka 38, naishi Igoma, Mwanza, nauza vitenge. Kama jina linavyosema, mimi ni pacha. Kulwa ni wa kiume, alinitangulia kwa muda mfupi tu, na aliyetufuata ni Shija. Tumezaliwa na mama mmoja na baba mmoja, tumelala chumba kimoja mpaka tunamaliza darasa la saba.

Mwaka juzi mwezi wa tatu nilikuwa kwenye daladala asubuhi, nimesimama, tunakaribia Buzuruga. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, midomo ikawasha kama nimelamba pilipili, kifua kikabana, na nikajua kabisa kwamba nakufa sasa hivi na mwanangu yuko shule. Nikamwomba konda anishushe. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, mama mmoja muuza ndizi akanipepea kwa kanga yake, hakuniuliza hata jina. Baada ya muda ikaisha yenyewe, nikabaki na mwili mzito kama niliyetoka kulima.

Hospitali nilipimwa moyo, presha, sukari na wingi wa damu. Vyote vizuri. Nikaambiwa, "Huna ugonjwa mama, punguza mawazo." Nikaondoka na panadol. Ndani ya miezi miwili ikanirudia mara saba. Tangu hapo sijapanda daladala. Natembea kwa miguu, au nachukua boda nikiwa na mzigo.

Sasa kuhusu mama yetu. Tangu nipate akili mama ni mtu wa wasiwasi. Mlango anaufunga, anarudi kuusukuma, anarudi tena. Simu ikilia usiku anauliza kwanza nani amefariki. Na tukiwa wadogo alikuwa anaingia chumbani kwetu gizani anatushika miguu, mmoja mmoja, kama anayehesabu. Mama mdogo wetu, yule anayemfuata mama kuzaliwa, alikuwa ndani ya MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Alipatikana, akazikwa hapa Igoma pamoja na wenzake. Tulikuwa na miaka 9. Babu anasema mama alikuwa na wasiwasi hata kabla ya hapo, ila baada ya hapo hakurudi kuwa yule wa zamani.

Kulwa ni dereva wa lori. Hajawahi kupata kitu kama changu. Lakini kivuko hapandi. Mpaka daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi wa sita 2025, mzigo wa Geita alikuwa anaukataa au anazungukia Shinyanga na Kahama, mafuta yake mwenyewe. Ukimuuliza anasema kivuko kinachelewesha. Na jioni lazima anywe, anasema bila hivyo usingizi hauji. Shija naye hana lolote, analala popote, anaenda Ukerewe na kurudi.

Kilichonifanya niandike ni mwanangu. Ana miaka 8. Tangu muhula uanze, kila Jumatatu tumbo linamuuma. Na wiki iliyopita niliamka usiku nikamkuta amekaa mwisho wa kitanda changu, ameshika mguu wangu. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Nahakikisha upo."

Sikulala tena usiku ule. Naomba mwenye kujua anijibu. Hii kitu iko kwenye damu? Kama iko kwenye damu, mbona Kulwa hana na tumekaa tumbo moja? Kama ni maisha, mbona Shija hana? Ni ugonjwa wa wanawake? Na mwanangu nimeshampa?

---

Mzee wa Nansio

Pole sana binti yangu. Mimi si mtaalamu, nina neno moja tu. Mke wangu alikuwa hivyohivyo, moyo mbio, jasho, mikono inatetemeka, anakonda huku anakula. Tulizunguka mwaka mzima kwa waganga na kwenye maombi. Mwisho daktari mmoja kijana akamshika shingo akasema tupime tezi. Ilikuwa goita, tezi inazalisha kupita kiasi. Alipopewa dawa ile hofu ikapungua wiki kwa wiki. Hukutaja kama ulipimwa tezi. Kapime kabla hujasema ni urithi. Na chai ya rangi nzito na kahawa, punguza.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Doto dada yangu, nimesoma mara mbili. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mwaka wa 14 sasa, na nakujibu kwa kirefu kwa sababu maswali yako ndiyo hasa wataalamu wanayojiuliza.

Mzee wa Nansio kasema kweli, anza na tezi.

Ulichokipata kwenye daladala kinaitwa shambulio la hofu. Hupanda haraka, kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10, halafu hushuka lenyewe. Ganzi ya vidole na midomo haikuwa kiharusi. Ukihema haraka kupita mahitaji ya mwili, unatoa kabonidayoksaidi nyingi mno kwenye damu, na mishipa ya fahamu inajibu kwa kuwasha na kufa ganzi. Mwili ulikuwa umejiandaa kukimbia, na hapakuwa na cha kukimbia. Shambulio moja linaweza kumpata mtu yeyote. Yakijirudia, na mtu akaanza kupanga maisha yake kuyakwepa kama ulivyoacha daladala, hapo tunasema ni ugonjwa, na una tiba. Aliyekwambia huna ugonjwa alimaanisha moyo wako hauna ugonjwa. Sentensi yake ilikosa nusu ya pili.

Mama yako kwa maelezo yako ana aina nyingine, wasiwasi wa kudumu unaohama kutoka jambo hili kwenda lile. Kulwa ana hofu ya kitu mahususi. Kwa hiyo usiseme Kulwa hana. Anazunguka mpaka Kahama kwa mafuta yake mwenyewe!

Sasa damu. Watafiti wakitaka kutenganisha damu na maisha huwatafuta watu kama ninyi. Mapacha wa kufanana hutoka yai moja, vinasaba vyao ni vilevile. Mapacha kama wewe na Kulwa mmetoka mayai mawili, mnashirikiana kama nusu tu, sawa na ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Maana yake kwa upande wa damu Kulwa hayuko karibu nawe kuliko Shija. Mlichozidi kushirikiana ni tumbo na umri. Basi wanapima: pacha mmoja akiwa na tatizo, mwenzake analo mara ngapi? Kama wa yai moja wanafanana kwa tatizo hilo kuliko wa mayai mawili, tofauti hiyo inaonyesha nguvu ya vinasaba.

Kazi kubwa ya namna hii imefanyika Virginia, Marekani, na akina John Hettema na Kenneth Kendler. Mwaka 2001 walijumlisha tafiti zilizotangulia za familia na mapacha. Ndugu wa karibu wa mgonjwa, yaani mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja, walikuwa na hatari kubwa mara 4 hadi 6 kuliko watu wengine. Vinasaba vilieleza kama asilimia 43 ya tofauti kati ya watu kwa mashambulio ya hofu, na kama 32 kwa wasiwasi wa kudumu. Tafadhali usiisome vibaya hiyo 43. Haisemi kwamba asilimia 43 ya hofu yako umepewa na mama. Inaeleza kwa nini watu wengi wa jamii moja wanatofautiana wao kwa wao, haimgawanyi mtu mmoja vipande.

Mwaka 2005 walirudi na mapacha zaidi ya 5,000, wakaangalia aina sita za hofu kwa pamoja, wanaume na wanawake. Walikuta urithi umegawanyika kama vikapu viwili. Kikapu cha kwanza kimebeba zaidi mashambulio ya hofu, wasiwasi wa kudumu, na hofu ya kuwa mahali ambapo kutoka ni kugumu. Cha pili kimebeba zaidi hofu mahususi, za wanyama na za mazingira fulani. Hofu ya kuwa mbele za watu ilikaa katikati, inachota huku na huku. Ukiniuliza, wewe na mama yako mnaonekana kuchota kikapu cha kwanza, Kulwa cha pili. Huo ni ukisiaji wangu juu ya familia ambayo sijaiona, lakini ndivyo tunavyoona kliniki: familia moja, hofu za sura tofauti.

Na jambo ambalo kila mtu huniuliza: vikapu hivyo vilikuwa na umbo lilelile kwa wanaume na wanawake. Ni kweli wanawake hupata matatizo haya karibu mara mbili ya wanaume. Lakini si kwamba urithi wa wanawake umepangwa kivingine. Homoni zinaweza kuchangia. Mwaka 2020 utafiti kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani wapatao 200,000 ulikuta maeneo kadhaa ya vinasaba yanayohusiana na wasiwasi, na mojawapo liko kwenye jeni, yaani kinasaba, la kipokezi cha estrojeni, homoni ya kike. Kila eneo lina mchango mdogo sana, hakuna jeni moja la hofu la kupimwa maabara, asije mtu akakuuzia kipimo. Yanabaki maisha yenyewe: wasichana na wanawake wanafanyiwa ukatili zaidi, wanabeba wagonjwa na watoto, na wao ndio wanaokuja kusema. Wanaume kliniki kwetu huletwa na wake zao, na kwenye kadi kinaandikwa kwanza "pombe".

Sasa Shija. Hapa ndipo penye uzito kwangu. Tafiti hizi zikigawa maisha zinatenga yale ndugu mliyoshiriki, yaani nyumba, meza, kipato, wazazi, na yale ya kila mmoja peke yake. Kwa matatizo haya, yale ya pamoja yanaeleza kidogo, ya peke yake yanaeleza sana. Nyumba moja haifanyi maisha mamoja. Mwaka 1996 wewe ulikuwa wapi hasa siku zile? Kulwa alikuwa wapi? Shija, na umri wake wa miaka sita au ngapi, alielewa nini? Muulize Kulwa. Usidhani unajua kwa sababu mlilala chumba kimoja.

Kuhusu mwanao. Hujampa ugonjwa. Huenda umempa uwezekano, pamoja na macho yako au nywele zako. Na sasa nisikilize. Mwaka 2015 Thalia Eley wa London na wenzake walitumia familia za mapacha wa Sweden, mapacha wazima wenye watoto vijana, ili kujua wasiwasi unapita vipi kutoka kwa mzazi. Matokeo yao: kufanana kwa mzazi na mtoto kulipita zaidi kwenye kuishi pamoja, kwa kuonana na kusikilizana, si kwenye vinasaba. Mzazi mwingine akisikia hivyo anajilaumu. Mimi nalisoma kinyume. Kinachopita kwa kuonekana kinaweza kuonekana tofauti. Mwaka huohuo Golda Ginsburg wa Chuo Kikuu cha Connecticut na wenzake walichukua familia 136 zenye mzazi mwenye tatizo la wasiwasi. Mwaka mmoja baadaye, kwenye familia zisizopata mafunzo karibu theluthi ya watoto walikuwa wameanza tatizo. Kwenye familia zilizofundishwa nyumba nzima pamoja, hawakufika hata mmoja kwa kumi.

Wanachofundishwa si kikubwa kama inavyosikika. Akija usiku kukushika mguu usimgombeze, na usimwapie mara kumi kwamba upo. Mwambie mara moja, "Nipo, nalala, na wewe kalale," umrudishe kitandani kwake. Jumatatu tumbo likiuma, mkandie kidogo, halafu aende shule. Akibaki nyumbani siku ile, tumbo linajifunza kwamba limeshinda. Na hofu zako zungumza na mtu mzima, asizisikie yeye.

Wewe mwenyewe nenda kliniki ya afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo ambayo utafundishwa kuurudia mwili wako bila kuukimbia: unapanda daladala kituo kimoja na mtu unayemwamini, kesho tena, mpaka moyo uchoke kukutisha. Kuna dawa pia, kama fluoksetini, zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi na hazilevyi. Valiamu ya dukani usiiguse, inatuliza leo na kukufunga kesho.

---

Dereva wa Isaka

Nimeingia kwa sababu ya Kulwa.

Dada, mimi nilipata yangu mizani ya Singida, usiku, foleni ya malori. Nilishuka nikalala chini ya tela nikimsubiri Mungu. Niliporudi kwenye usukani sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Utingo wangu alikuwa na miaka 20, ananiita mzee. Nikaanza na viroba, ile pombe kali ya vifuko. Vilipopigwa marufuku 2017 nikahamia chupa. Ile kitu ina hila: usiku inakutuliza, alfajiri inakuamsha saa tisa moyo unagonga kuliko mwanzo, unadhani ni ugonjwa kumbe ni pombe inatoka mwilini, basi unaongeza. Miaka minne.

Baba yangu alikuwa hapandi basi. Tulijua ni mtu mkali, anapenda baiskeli. Alienda kwa baiskeli mpaka msiba wa dada yake, siku mbili njiani. Leo nikikumbuka uso wake tulipokuwa tunamlazimisha apande, najua nilichokiona.

Usimwambie Kulwa kwamba anaogopa. Mwambie wewe unaogopa. Mimi ndivyo alivyonipata dada yangu.

---

Doto wa Igoma

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nawashukuru wote, Mungu awabariki.

Mzee wetu wa Nansio, nimepima tezi, iko sawa. Nesi, nimeanza kliniki, nimeenda mara mbili. Dada wa pale alinifanya niheme haraka makusudi, nimekaa kwenye kiti, mpaka vidole vikafa ganzi vilevile kama siku ya daladala. Halafu akaniambia nisubiri. Ikaisha. Nililia, si kwa hofu. Daladala nimepanda mara nne, kituo kimoja kimoja, mara ya tatu nilishuka kabla, mara ya nne nilifika.

Dereva, nilimpigia Kulwa usiku nikamwambia mimi naogopa. Nikamweleza yote, mtaro, ganzi, mwanangu mwisho wa kitanda. Akanyamaza nikadhani simu imekata. Halafu akaniuliza, "Unajua mama mdogo alitambuliwaje?"

Mimi siku zote nimeamini Kulwa alipelekwa Magu kwa babu ile wiki, kwa sababu hakuwepo nyumbani. Mimi nilikuwa na mama, nimeshikilia kanga yake siku tatu, sikuachia hata akienda msalani. Shija alikuwa kwa jirani anacheza. Kumbe Kulwa alikwenda Magu baadaye. Kwanza mjomba alimchukua kwenda kutafuta, akamwambia wewe ni mwanaume, twende. Miaka 9. Wakapita kwenye ile mistari ya miili. Nyuso zilikuwa hazisomeki tena, mjomba akampita dada yake bila kumjua. Kulwa ndiye aliyesimama. Mama mdogo alikuwa na kidole cha mguu kisicho na ukucha, aliukata na jembe, na Kulwa alizoea kumtania. Akamwonyesha mjomba ule mguu.

Waliporudi, mjomba alimweleza mama mlangoni kwamba mtoto amemjua kwa mguu. Mimi nilikuwa palepale kwenye kanga, nilisikia sauti tu, sikuelewa.

Ndiyo maana ya miguu, ndugu zangu. Miaka yote hii nilidhani ni tabia ya mama.

Mwanangu sasa anakuja usiku mara moja kwa wiki, si kila siku. Nimemwambia mama nae, taratibu, asimshike miguu mjukuu akija kulala kwake. Alikasirika, kisha akauliza kama kuna kliniki ya wazee.

Kulwa amekubali kuja nami Alhamisi akishashusha mzigo Geita. Amesema ataacha pombe kuanzia kesho ili aende msafi. Nesi, ni sawa?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hapana Doto, mpigie leo hii. Anayekunywa kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege akiwa barabarani na lori. Aje hivyohivyo alivyo, awaambie kweli anakunywa kiasi gani na tangu lini, watampunguzia kwa mpango. Alhamisi asiendeshe, mpande daladala wote wawili, mkae pamoja.

Na kile kidole, amwambie mhudumu mwenyewe kwa maneno yake. Usimsemee.